Jinsi ya Kulipima Tangazo kwa Macho ya Watu



Wengi wenu mliliona, wakati wa mvua za masika, bango lenye picha tatu lililobandikwa ngazini katika baadhi ya majumba ya hapa Michenzani, likiwakumbusha watu kuchemsha maji ya kunywa. Baadhi yenu mmetusifu kwa bango lile, nasi tunashukuru. Lakini bango mliloliona silo tulilolichora mwanzo. La kwanza lilikuwa zuri zaidi kwa rangi, na lau lingalibandikwa, lingaliwafundisha baadhi ya watu kinyume kabisa cha tuliyokusudia. Mhariri ameniomba nieleze jinsi tulivyoligundua kosa letu, ili na wengine wanaochora matangazo au kupanga kurasa za magazeti wapate kufaidika.

Katika skuli yetu kipo kikundi cha wanafunzi wanaofanya kazi hiyo, na mimi ni mmoja wao. Desturi yetu ya zamani ilikuwa hivi: mmoja akichora, wenzake humzunguka wakasema, "Limependeza," au, "Ongeza rangi hapa." Kisha Mwalimu hutoa alama, na kazi hupelekwa kupigwa chapa. Hakuna aliyeuliza swali lililo kubwa kuliko yote: je, yule ambaye tangazo limefanywa kwa ajili yake, amelielewa?

Bango la kwanza nililichora mimi. Lilikuwa na picha tatu zilizopangwa kwa mstari mmoja, kama vile zinavyopangwa katika vitabu vyetu. Upande wa kushoto alikuwapo mtoto aliyelala mkekani, amejishika tumbo, na karibu yake kikombe cha maji. Katikati palikuwa na sufuria ya maji juu ya moto. Upande wa kulia, mtoto yule yule alikuwa mzima, akicheza mpira. Chini niliandika maneno machache kwa herufi ndogo za kupendeza. Darasani hapakuwa na mtu hata mmoja aliyeona kasoro.

Mwalimu wetu aliliangalia, akalisifu, kisha akatuambia tusilipeleke kupigwa chapa mpaka tuwe tumewaonesha watu kumi ambao si wanafunzi wala si jamaa zetu. Nakiri kwamba sikufurahi. Niliona tunapoteza wakati kwa kazi iliyokwisha.

Tulitoka baada ya sala ya alasiri, mimi na mwenzangu mmoja wa kike aliyechukua daftari la kuandikia majibu. Tulikuwa tumeagizwa mambo mawili tu: tuulize mtu mmoja mmoja, na tusieleze lolote. Wa kwanza kumkuta alikuwa bi mkubwa mmoja auzaye kachori chini ya jumba.

"Shikamoo, bi mkubwa."

"Marahaba, wanangu. Mnataka za ngapi?"

Tukamwambia kwamba hatukuja kununua, bali twaomba atuazime macho yake kidogo. Akajifuta mikono, akalishika bango.

"Unaona nini hapa, bi mkubwa?"

"Namuona mtoto mzima, anacheza mpira," akasema, huku ameweka kidole juu ya picha ya upande wa kulia. Kidole kikaja katikati. "Hapa wamempikia maji." Kikafika kushoto. "Na hapa keshaumwa, masikini, kajishika tumbo. Maji ya moto hayo yamemchoma matumbo. Kwani mama yake hakuyapoza?"

Nilifungua kinywa nimweleze kuwa ameanza upande usiokuwa. Mwenzangu akaniinulia kalamu, maana yake ninyamaze. Yeye akauliza swali la pili kwa upole: "Na ukiliona bango hili ngazini kwako, utafanya nini?"

"Nitajihadhari nisimpe mjukuu wangu maji ya moto."

Tukaandika maneno yake kama alivyoyasema, tukamshukuru, tukaondoka. Nilijiambia kwamba huyu ni mmoja tu. Lakini mzee mmoja aliyekuwa akicheza bao naye alianza kulia akaenda kushoto. Kijana mmoja muuza duka alianza kushoto, akaelewa vyema. Mzee mwingine alianza na sufuria ya katikati, akauliza kama twatangaza masufuria.

Tulipokuwa tukirudi ndipo tulipozungumza juu ya sababu yake. Bi mkubwa yule alisoma chuoni, na maandishi aliyoyazoea tangu utoto wake ni ya Kiarabu, ambayo huanza kulia. Jicho lake lilifanya kazi yake sawasawa. Ni sisi tuliosahau kwamba macho ya watu hayakufundishwa njia moja. Sisi wanafunzi nasi tumesoma chuoni, lakini picha zilizopangwa mstari twazikuta zaidi katika vitabu vya skuli, ambavyo huanza kushoto. Kwa hiyo tulipolipima bango letu darasani, tulilipima kwa macho ya namna moja tu, yaani yetu wenyewe. Wazee wetu walisema kwamba mwamba ngozi huvutia kwake.

Basi tulilichora upya. Picha tulizipanga kutoka juu kwenda chini, kwa sababu maandishi ya Kiarabu na haya tunayoandikia skuli, ijapokuwa yanakwenda njia mbali mbali, mistari yake yote huanza juu ikashuka. Tukatia tarakimu 1, 2 na 3. Tena tulimwondoa mtoto mgonjwa, na mahali pake tukatia jambo ambalo bi mkubwa mwenyewe alituuliza nasi hatukuwa tumelifikiri, nalo ni kupoza. Sasa picha ya kwanza ni maji yanayotokota, ambayo yapasa kuachwa yatokote kwa dakika 1. Ya pili ni maji yanayopoa katika chombo safi chenye kifuniko. Ya tatu ni mtoto anayekunywa. Bango hilo tukawaonesha watu wengine wapya, maana wale wa kwanza walikwisha kutujua. Walipolielewa, ndipo tulipopiga chapa.

Napenda sasa kuonesha kwamba jambo hili si geni kwetu. Kila mwenye duka la kanga pale Darajani hulijua. Kanga, kama mjuavyo, ina pindo lake, ina mji wake, na ina jina lake, yaani yale maneno yaliyoandikwa. Mwanamke huikunjua, hutazama pindo na mji, husoma jina, kisha huinunua au huirudisha. Rangi yaweza kumpendeza na jina likamchukiza, akaiacha. Hatoi hotuba wala hajazi karatasi ya maswali, lakini amekwisha kutoa hukumu. Tangu mwisho wa karne ya 19, wafanya biashara wa Unguja na Mombasa walioagiza kanga zipigwe chapa ng'ambo walilazimika kuisikiliza hukumu hiyo, kwani mchoro uliokataliwa na wanawake ulibaki dukani. Huko Mombasa, Kaderdina Hajee Essak alipata sifa kubwa kwa kanga zake, ambazo watu wamezijua kwa maneno "Mali ya Abdulla" yaliyopigwa juu yake. Biashara ya namna hiyo haiwezi kudumu bila ya kujua wanunuzi wanapenda nini na wanasema nini wao kwa wao.

Tofauti ni moja. Muuza kanga hujua kosa lake baada ya mzigo kufika dukani. Sisi twaweza kulijua kosa letu kabla hatujatumia hata shilingi moja ya skuli, maadamu twakubali kuuliza.

Katika nchi za mbali pia watu walijifunza jambo hili kwa taabu. Huko Marekani alikuwapo bwana mmoja aitwaye George Gallup, aliyezaliwa mwaka 1901, ambaye jina lake sasa hutajwa sana panapozungumzwa kura za maoni. Kabla ya hizo kura, alishughulika na wasomaji wa magazeti. Katika utafiti wake wa udaktari katika Chuo Kikuu cha Iowa, alioumaliza mwaka 1928, hakuridhika kuwauliza watu, "Wewe husoma nini gazetini?" Alijua kwamba mtu akiulizwa hivyo hutaja habari kubwa za nchi, ili aonekane mtu wa maana. Yeye alilichukua gazeti zima, akalipitia pamoja na msomaji ukurasa kwa ukurasa, akimtaka amwoneshe alichokisoma kweli. Ndipo ilipobainika kwamba picha na vichekesho vya kuchorwa vilipata wasomaji wengi kuliko baadhi ya habari kubwa za ukurasa wa mbele. Mwaka 1932 kampuni ya matangazo ya Young & Rubicam ya New York ilimchukua aongoze kazi yake ya uchunguzi. Mafunzo yake kwetu ni haya: usimuulize mtu hufanya nini, mtazame anavyofanya, au mpe kitu chenyewe mkononi.

Magazeti ya Kiswahili nayo yamewategemea wasomaji wao. Mambo Leo, lililoanza Dar es Salaam mwaka 1923, lilijaa barua na mashairi ya wasomaji. Fema, jarida la vijana lililoanza Dar es Salaam mwaka 1999 kwa jina la Femina, limefika katika skuli nyingi za sekondari na kupokea barua za wanafunzi. Barua ni hazina. Lakini lazima tukumbuke kwamba anayeandika barua ni yule aliyesoma, akaelewa, akapenda kuandika. Aliyefungua ukurasa akashindwa kuuelewa haandiki. Hulikunja gazeti akaendelea na kazi zake. Huyo usipomfuata mwenyewe, hutamsikia kamwe.

Sasa nitaeleza njia tunayoifuata sisi, hatua kwa hatua.

Kwanza, amua tangazo ni la nani, nawe umuulize huyo. Ikiwa tangazo ni la kina mama wa majumbani, maoni ya mabingwa wa kuchora wa darasa hayatoshi. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Pili, uliza mtu mmoja mmoja. Barazani, mkubwa akisema jambo, wadogo humstahi wakasema kama yeye. Utadhani umepata majibu matano, kumbe umepata moja.

Tatu, usiseme kwamba kazi ni yako. Watu wetu wana haya, na hawapendi kumvunja moyo mtoto wa mwenzao. Nilipomwonesha mama yangu jalada nililolichora, alisema, "Zuri mno, mwanangu," naye hajaliangalia bado, macho yake yako kwenye chungu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Ni bora kazi ioneshwe na mwanafunzi mwingine, au ziwekwe kazi mbili pamoja bila ya majina, na mtu aambiwe achague.

Nne, usianze kwa kuuliza, "Ni zuri?" Uliza, "Unaona nini? Linakuambia nini? Utafanya nini ukishaliona?" Swali la uzuri liache liwe la mwisho. Bango letu la kwanza, lau tungaliuliza uzuri tu, lingalisifiwa na kila mtu, hata bi mkubwa wa kachori.

Tano, nyamaza. Hii ndiyo hatua ngumu kuliko zote. Bango likishabandikwa ukutani hutakuwapo pembeni kulieleza. Kwa hiyo neno lolote unalolisema wakati wa kupima ni msaada ambao bango halitaupata.

Sita, andika maneno ya mtu kama yalivyotoka kinywani mwake. Usiandike, "Hakuelewa." Andika alichokielewa, kwani humo ndimo mna dawa. Lau mwenzangu angaliandika "hakuelewa" tu, tusingalijua kwamba picha zilisomwa kutoka kulia, wala lile swali la kupoza lisingaliingia katika bango.

Saba, hesabu kwa akili. Tuseme mmewauliza watu 20, na 15 wameelewa, 5 hawakuelewa. Msikimbilie kusema kwamba mmeshinda kwa robo tatu. Watazameni wale 5 ni kina nani. Wakiwa ni watu mbali mbali, huenda kasoro ni ndogo. Lakini wakiwa wote ni wazee, na tangazo lenyewe ni la wazee, basi limeshindwa, hata kama wengine wote wamelisifu.

Nane, badilisha, kisha pima tena kwa watu wengine. Ukibadilisha mambo mengi kwa pamoja hutajua ni lipi lililosaidia. Kwa hiyo, ikiwezekana, badilisha moja moja.

Labda msomaji atauliza: je, mchoraji awe mtumwa wa kila mtu? Afuate kila linalosemwa? Hapana. Mgonjwa humwambia daktari wapi panapouma, lakini hajiandikii dawa. Vivyo hivyo, mtu akikuambia, "Tia rangi nyekundu," usikimbilie rangi nyekundu. Muulize kwa nini. Huenda maneno hayaonekani kwa mbali, na dawa yake ikawa ni kuzikuza herufi. Tena ipo tofauti baina ya ladha na ufahamu. Mmoja akisema hapendi rangi ya kijani, hiyo ni ladha yake, nawe waweza kuiheshimu ukaiacha. Lakini watu kadhaa wasiojuana wakijikwaa mahali pale pale, usiwalaumu. Litengeneze jiwe hilo.

Nitatoa mfano wa mwisho, nao unanihusu mimi mwenyewe. Jalada la toleo hili nililichora kwa wiki mbili. Jina la gazeti niliandika kwa herufi za kujipinda, zilizofumwa kwa majani ya mkarafuu, na ndani yake nikachora mnara wa kumbukumbu ya Mapinduzi na majumba yetu ya Michenzani. Niliona fahari nalo sana. Wakati wa mapumziko tulilionesha kwa muda wa kuhesabu moja mpaka tano, kisha tukalifunika, tukauliza, "Umesoma jina gani?" Wengi waliukumbuka mnara. Jina hawakulikumbuka, na mmoja alisoma neno ambalo halimo kabisa. Baadaye tuliliweka mezani pamoja na jalada jingine lililochorwa na mwanafunzi wa kidato cha chini yangu, lenye picha moja tu na herufi nene. Nilisimama mbali nikatazama mikono. Mikono ilikwenda kwa jalada lake.

Siku ile sikuzungumza na mtu. Nilikwenda nyumbani nikaliweka jalada langu chini ya godoro. Lakini siku ya pili nililitoa, nikalitazama kwa macho ya mtu anayepita njiani, mwenye haraka, aliyebeba ndoo ya maji akipanda ngazi. Kweli jina halikusomeka. Ndiyo maana jalada mnaloliona leo ni la yule mwenzangu, nami nimepewa kuchora pambo la majani ya mkarafuu katika ukurasa wa mashairi, ambako msomaji hukaa kitako na ana nafasi ya kulitazama. Pambo ni lile lile. Lilikuwa limewekwa tu mahali lisipofaa.

Kabla sijamaliza, nawaombeni jambo moja. Gazeti hili mlilonalo mkononi nalo ni kazi ya wanafunzi, na halijapimwa vya kutosha. Mzazi akimaliza kulisoma, amwambie mwanawe mambo matatu: ni ukurasa gani aliufungua kwanza, ni upi aliuruka, na ni wapi alipolazimika kusoma mara mbili ndipo akaelewa. Mwanafunzi ayaandike kama yalivyosemwa, ayalete kwetu kabla ya muhula kwisha. Msituonee haya. Sifa tutazipokea kwa shukrani, lakini hayo mengine ndiyo tutakayoyafanyia kazi.

Na bi mkubwa wa kachori tulimrudia, tukamwonesha bango jipya. Alilitazama kutoka juu hadi chini, akasema, "Hapa yanachemka, hapa yanapoa, hapa anakunywa." Kisha akatuuliza mbona tumechelewa kulibandika, na mvua zimekwisha kuanza.